Amana ya Sauti: Tafakuri Kuhusu Maadili ya Kuziweka Rekodi za Kale Wazi kwa Umma

1. Utangulizi

Tangu Thomas Edison alipounda fonografu mwaka 1877, sauti ya binadamu imepata uwezo ambao haikuwa nao hapo awali, yaani uwezo wa kuendelea kusikika baada ya mwenyewe kunyamaza. Kwa zaidi ya karne moja uwezo huo ulikuwa na mipaka. Silinda za nta na sahani za santuri zilikaa makabatini, na aliyetaka kuzisikiliza alilazimika kusafiri, kuomba ruhusa na kubisha hodi. Leo mipaka hiyo imeondoka kwa kiasi kikubwa. Mnamo mwaka 2011 Maktaba ya Bunge la Marekani iliufungulia umma mkusanyo uitwao National Jukebox, wenye maelfu ya rekodi zilizotolewa na kampuni ya Victor mwanzoni mwa karne ya 20. Asasi ya Internet Archive nayo imeweka katika intaneti mamia ya maelfu ya rekodi za santuri za kale. Yeyote mwenye simu anaweza kuzisikiliza akiwa kitandani mwake, bila kulipa chochote na bila kumwomba mtu.

Makala haya yananuia kuchunguza swali la kimaadili linalozuka kutokana na hali hiyo. Je, kuiweka sauti ya mtu aliyekwisha kufa mahali ambapo kila mtu anaweza kuisikiliza bure ni tendo la haki? Kwa mtazamo wa kwanza swali hili laweza kuonekana halina uzito, kwani nani atapinga maarifa kutolewa bure? Hata hivyo, kwa mhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki swali hili halikwepeki. Ngugi wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipopendekeza mwaka 1968 kwamba Idara ya Kiingereza mjini Nairobi ivunjwe, mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba fasihi simulizi ipewe nafasi ya msingi katika masomo. Aliyekubali hoja hiyo amekubali pia wajibu fulani kwa wale wenye fasihi hiyo. Kama wimbo ni kazi ya sanaa sawa na riwaya, basi mwimbaji ni msanii sawa na mwandishi, na haki zake haziwezi kupuuzwa kwa sababu tu hakushika kalamu.

Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba sauti iliyorekodiwa haifai kutazamwa kama mali ya anayeihifadhi, wala kama kitu kisicho na mwenyewe ambacho ye yote aweza kukiokota. Dhana inayofaa zaidi imo tayari katika Kiswahili na katika maadili ya jamii zinazokitumia, nayo ni dhana ya amana.

2. Sauti Isiyo na Mtetezi

Katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus, Plato anamwonyesha Sokrate akiyashuku maandishi. Kwa mujibu wa Sokrate, neno likishaandikwa huzurura kila mahali, likawafikia wanaolielewa na wasiolielewa, na likidhulumiwa haliwezi kujitetea bila msaada wa baba yake. Neno lililo hai lina mwenyewe, naye akiulizwa hujibu.

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuitumia tofauti hiyo kutetea ubora wa utendaji juu ya maandishi. Fanani huiona hadhira yake, huipima, na huweza kurefusha kisa, kukifupisha au kukikatiza anapomwona mtu ambaye hapaswi kukisikia. Rekodi, hata hivyo, inavuruga mgawanyo huo. Ina joto la sauti hai, ina pumzi na kikohozi cha mwimbaji, lakini imepoteza uwezo wa kujibu kama ulivyopotea katika kitabu. Udhaifu wake hata unazidi ule wa kitabu, kwa kuwa msikilizaji hudanganyika akadhani yu mbele ya mtu, ilhali yu mbele ya alama aliyoiacha mtu huyo.

Mfano ulio karibu ni wa Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki mwaka 1950 na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya Gramophone. Miongoni mwa nyimbo zinazohusishwa naye ni ule wa Kijiti, unaosimulia kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mshtakiwa alitoroka, na adhabu ikawaangukia waliojitokeza kutoa ushahidi. Wasikilizaji wa Unguja wa wakati ule hawakuhitaji maelezo. Waliifahamu mitaa, waliwafahamu watu, na waliuelewa wimbo kuwa ni shutuma dhidi ya mahakama ya kikoloni iliyowaadhibu wanyonge na kumkosa mwenye hatia.

Msikilizaji wa leo aliye ng'ambo, asiyejua Kiswahili, anasikia nini? Anasikia fidla, udi na sauti ya kike iliyofifia kwa mikwaruzo ya santuri. Huenda akaviona vyote hivyo kuwa vizuri, na uzuri huo ni wa kweli. Lakini shutuma imegeuka kiburudisho, na mwanamke aliyeuawa amepotea mara ya pili. Hili si kosa la msikilizaji peke yake. Aliyeifungua rekodi bila kufungua maana yake ameuza ganda, au tuseme amegawa ganda bure, na kokwa ameiacha njiani.

3. Ridhaa na Daraja Zake

Inafaa kukumbuka kwamba rekodi za kale hazikupatikana kwa njia moja. Mifano mitatu yaweza kuonyesha jinsi ridhaa ya mwimbaji inavyopungua hatua kwa hatua.

Mfano wa kwanza ni huo wa Siti. Alikuwa msanii wa kulipwa, alisafiri kwa hiari, na alijua kwamba santuri ingeuzwa kwa watu asiowajua. Alikubali kusikilizwa na wageni. Asichoweza kukijua ni mtandao unaoipeleka sauti duniani kote kwa dakika moja. Lakini kiini cha tendo lenyewe, yaani kuitoa sauti kwa umma, alikiridhia.

Mfano wa pili unatoka katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, ambaye baadaye mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika ijulikanayo kwa kifupi kama ILAM, alirekodi nyimbo miongoni mwa Wakipsigis. Mojawapo ya nyimbo hizo, iliyoimbwa na wasichana, inamtaja Chemirocha. Jina hilo linaelezwa kuwa limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi huko. Kwa hakika hapa pana kinaya. Wasichana wa Kipsigis waliisikia sauti ya maiti wa mbali kutoka kwenye sanduku, wakaitungia wimbo; nao wimbo wao ukanaswa, ukawa sauti itokayo kwenye sanduku kwa wasikilizaji wa mbali. Tofauti ni kwamba jina la Rodgers liliwafikia, ingawa kwa matamshi mapya. Majina yao hayakusafiri hivyo. Katika orodha, kiongozi wao ametajwa, na waliobaki wanaitwa tu wasichana wa Kipsigis.

Wasichana hao waliimba kwa hiari, na yamkini kwa furaha. Waliridhia kuimba mbele ya mgeni. Haiwezi kusemwa kwa yakini kwamba waliridhia yale yaliyofuata, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuwaeleza. Ridhaa ya mtu kwa jambo asiloweza kulifikiria ni ridhaa iliyo nusu.

Mfano wa tatu unapita mipaka ya hiari kabisa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani iliunda mwaka 1915 tume ya wataalamu iliyopita katika kambi za mateka ikirekodi lugha na nyimbo za askari waliotoka katika makoloni ya maadui zake. Tarehe 11 Desemba 1916, katika kambi ya Wünsdorf karibu na Berlin, mateka aitwaye Mall Singh aliwekwa mbele ya paipu ya kunasia sauti. Alizungumza kwa Kipunjabi kwa muda usiozidi dakika mbili. Alijizungumzia kana kwamba anasimulia habari za mtu mwingine: palikuwa na mtu aliyekula siagi kwao Hindi, akaja katika vita vya Ulaya, akatekwa, na sasa anatamani kurudi nyumbani. Wataalamu walihitaji mfano wa matamshi, naye akautumia wakati huo kuleta malalamiko yake. Sauti hiyo imehifadhiwa Berlin hadi leo, na mwaka 2007 ilirejeshwa masikioni mwa watu kwa filamu ya Philip Scheffner iitwayo The Halfmoon Files.

Mbele ya mfano huu mwanamaadili anakwama. Kuifungia sauti ya mateka ni kama kukiendeleza kifungo chake, kwa kuwa aliomba kurudi na hakuna dalili kwamba alitaka kunyamazishwa. Lakini kuitupa wazi kwa ulimwengu, kama kielelezo kimoja kati ya vielelezo vya lugha, ni kuikamilisha kazi ya wale waliomweka mbele ya paipu. Waliomrekodi hawakuyasikiliza aliyoyasema. Msikilizaji wa bure asiyejua Kipunjabi na asiyepewa tafsiri hatofautiani nao sana.

4. Ngoma Zilizotoka Kasrini

Mpaka hapa ridhaa imetazamwa kama jambo la mtu mmoja mmoja. Kuna muziki, hata hivyo, ambao mpigaji mwenyewe hana mamlaka ya kuuridhia, kwa sababu si wake peke yake. Entenga ya Buganda ni mfano wa kutosha. Hizi ni ngoma 15 zilizopangwa kwa sauti na kupigwa na watu sita, na zilikuwa ngoma za kasri ya Kabaka. Kupigwa kwake kulifungamana na mahali na cheo. Tracey alirekodi muziki wa kasri hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa jumba la makumbusho la Uganda, naye alirekodi muziki mwingi wa nchi hiyo katika kipindi hicho.

Mwezi wa Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yaliishambulia kasri ya Mengo. Kabaka Mutesa wa Pili alikimbilia uhamishoni, na alifia London mwaka 1969. Ala za kasri ziliharibiwa na wanamuziki wakatawanyika. Mwaka 1967 falme zilifutwa, na hazikurejeshwa hadi mwaka 1993. Katika muda huo wote sehemu ya muziki wa Buganda uliokuwa wa ndani ya uzio ilibaki nje ya uzio, tena nje ya Uganda, katika tepu na sahani za wageni.

Anayedai kwamba sauti ya kasri haikupaswa kutoka kasrini ana hoja. Lakini hoja hiyo inagongana na tukio la 1966, kwa kuwa laiti isingalitoka, nayo ingaliangamia pamoja na ngoma. Hapa ndipo wema wa hifadhi unapodhihirika bila ubishi. Hata hivyo, pana jambo moja la kuzingatiwa. Jitihada za kuifufua entenga zilipofanywa katika miaka ya 2010, rekodi pekee haikuweza kuwa mwalimu. Alihitajika mzee aliyekuwa amezipiga ngoma hizo kabla ya kasri kuvamiwa, awaonyeshe vijana mkono unavyokwenda na nani humwitikia nani. Rekodi ilikuwa imehifadhi sauti. Utaratibu wa kuzipiga ngoma ulikuwa umehifadhiwa na mtu. Hifadhi inayomkumbuka mtu huyo na jamii yake inafanya kazi tofauti kabisa na hifadhi inayotangaza tu kwamba milango yake i wazi.

5. Hoja ya Uwazi

Haitakuwa haki kuendelea bila kuzipa uzito hoja za wanaotetea uwazi usio na masharti. Hoja yao ya kwanza ni kwamba kufunga ni desturi ya wenye nguvu. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa Kampala au Kericho alihitaji nauli ya ndege ili asikilize sauti za babu zake. Kwa mwanafunzi huyo, mlango ulio wazi katika mtandao ni ukombozi, na anayetaka kumwekea masharti mapya hana budi kueleza anamlinda nani.

Hoja ya pili ni kwamba sauti isiyosikilizwa hufa. Nta huota ukungu, sahani huvunjika, na hata mashine za kisasa zina maradhi yake. Shambulio la kimtandao lilipoikumba Maktaba ya Uingereza mwezi wa Oktoba 2023, huduma zake nyingi zilizimika, mkusanyo wake wa sauti ukiwa miongoni mwa vilivyokosekana mtandaoni. Penye mtunzaji mmoja pana hatari moja kubwa. Penye nakala nyingi pana usalama.

Hoja hizi ni nzito, na makala haya yanazikubali kwa sehemu kubwa. Lakini zinathibitisha tu kwamba sauti isifungiwe mbali na wenyewe. Hazithibitishi kwamba kumfungulia kila mtu ni sawa na kuwarudishia wenyewe. Methali ya Kiswahili husema kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Katika mabishano mengi kuhusu rekodi za kale, asiyekuwepo ni mwimbaji. Kampuni kubwa za muziki zilipoishtaki Internet Archive mwaka 2023 kwa sababu ya rekodi zake za santuri, kesi iliyomalizwa kwa maelewano mwaka 2025, upande mmoja ulidai mali na upande wa pili ukadai maslahi ya umma. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 nayo imelijibu suala hili kwa kuhesabu miaka: rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 zikawa huru kwa wote kuanzia tarehe 1 Januari 2022. Hesabu ya miaka humwambia mtu lini hatashtakiwa. Kama anatenda haki kwa aliyeimba, hilo ni swali jingine ambalo kalenda haiwezi kulijibu.

6. Masharti ya Amana

Ni vyema sasa kuigeukia dhana ya amana. Katika desturi za Waswahili, aliyewekewa amana ana wajibu usio na utata. Anapaswa kuilinda isiharibike. Haruhusiwi kuitumia kama yake. Haruhusiwi kumnyima mwenyewe anapoitaka. Mwenyewe akifa, wajibu haumaliziki, bali huelekezwa kwa warithi. Anayeivunja amana hata kwa nia njema bado ni mvunja amana.

Yaweza kupingwa kwamba amana huhitaji mtu aliyeiweka kwa hiari, ilhali Mall Singh hakumwekea mtu chochote. Sauti yake ilichukuliwa. Pingamizi hili lina nguvu, lakini mwisho wake ni kuuongeza wajibu. Mtu anayejikuta na kitu cha mwenziwe mkononi, hata kama kiliibwa na waliomtangulia, hawi mmiliki kwa sababu ya kukirithi. Amekuwa mtunzaji kwa lazima, na kadiri njia ya kukipata ilivyokuwa chafu ndivyo anavyowajibika kumtafuta mwenyewe kwa bidii zaidi.

Kutokana na dhana hii yanapatikana masharti matatu. La kwanza ni jina. Palipoandikwa wasichana wa fulani au mwimbaji asiyejulikana, pasiachwe hivyo kana kwamba kutojulikana ni sifa ya mwimbaji, ilhali ni uzembe wa aliyeandika. La pili ni maana. Maneno yanakiliwe, yatafsiriwe, na kisa kielezwe, ili shutuma ibaki shutuma na ombi libaki ombi. La tatu ni kurudisha, yaani kuipeleka rekodi kwa mguu na kwa mkono hadi ilikotoka, na kukubali kwamba wenyewe waweza kusahihisha, kuongeza, au hata kusema kwamba wimbo fulani usichezwe hadharani.

Masharti hayo yanatekelezeka. Katika miaka ya 2014 na 2015 ILAM, pamoja na washirika wake wa Kenya, ilizirudisha rekodi za Tracey kwa Wakipsigis. Miongoni mwa waliokutwa wangali hai alikuwamo mzee aliyeimba mbele ya kinasa sauti mwaka 1950. Nakala za rekodi za Wachsmann zimerejeshwa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Nchini Australia, programu ya Mukurtu, iliyotokana na ushirikiano wa Kimberly Christen na Wawarumungu wa Tennant Creek, huiachia jamii yenyewe iamue ni nani asikilize nini, ili yaliyo ya wanawake yabaki ya wanawake na yaliyo ya msiba yasigeuke mchezo. Uwazi na staha, basi, vyaweza kukaa katika nyumba moja.

7. Hitimisho

Methali nyingine husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Neno kutunzwa hapa lina maana mbili, na zote mbili zinahitajika: kupewa tuzo na kulindwa. Aliyeimba mbele ya kinasa sauti alicheza ugenini bila kujua, na hadhira yake inaendelea kuongezeka kila siku pasipo yeye kuiona. Kumtunza ni deni la hadhira hiyo.

Makala haya hayajadai kwamba hifadhi zifungwe. Yamedai kwamba neno bure lifahamike vyema. Msikilizaji halipi fedha, lakini kulikuwa na aliyelipa: mateka alilipa kwa uhuru wake, wasichana walilipa kwa majina yao, na kasri ililipa kwa siri yake. Anayesikiliza akilitambua hilo, akauliza ni nani anayesema na anasema nini, ameanza kuirudisha amana. Asipouliza, hata hifadhi iliyo wazi kuliko zote itakuwa kabati jingine, kubwa zaidi na lenye kelele, ambamo wafu wanaita na hakuna anayeitikia.